Huduma ya leza ya kupenyeza jeni: hodari wa kuchagua, mzito wa mwendo

Kwa wiki mbili nimekuwa mteja wa huduma ya leza katika maabara ya pamoja ya chuo kimoja nchini Ujerumani, nikipenyeza plasmidi (kipande cha DNA cha duara) yenye jeni ya protini inayong'aa kijani, ile iliyotokana na yavuyavu, katika seli za ovari ya hamsta.

Sifa kuu ya chombo hiki ni kuchagua. Njia nyingine za kupenyeza jeni, yaani virusi, chembe za mafuta na umeme, kwa kawaida hutumiwa kwa sahani nzima ya seli bila kubagua, ilhali leza huilenga seli moja na kuziacha jirani zake kama zilivyo. Mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 800 hupita ndani ya seli karibu bila kufyonzwa, isipokuwa pale unapokusanywa kwenye nukta moja, ambapo mapigo yake ya femtosekunde (sehemu ya milioni ya bilioni ya sekunde) hutoboa utando wa seli, DNA iliyomo katika maji ya kulishia seli ikapenya, kisha tundu likajiziba lenyewe. Watafiti Tirlapur na König waliyaeleza hayo mwaka 2002, na mwaka 2006 watafiti wa Marekani walionyesha faida yake: RNA ya jeni ya Elk-1 ilipopitishwa kwenye dendraiti, yaani matawi ya neuroni (seli za neva), neuroni zilikufa, ilipopitishwa kwenye mwili wa seli, hazikufa. Umeme wa sahani nzima usingeweza kuuliza swali hilo.

Katika seli yangu ya kwanza niliona kiputo kilichochomoza na kutoweka papo hapo. "Kiputo kikikawia, seli hiyo umeshaiua," alinionya fundi wa zamu. Kesho yake, chini ya mwanga wa samawati, seli moja ilikuwa ya kijani kibichi katikati ya wenzake weusi ti.

Kasoro zipo. Nukta ya mwanga isipogusa utando wenyewe, hakuna kinachoingia, na kwa kuwa seli hazilingani kwa kimo, kila moja hulengwa upya. Asubuhi nzima nilimaliza seli arobaini tu, hesabu ambayo kwa mwenye kuhitaji mamilioni ni mzaha. Isitoshe, tundu huifikisha plasmidi ndani ya seli, si ndani ya kiini, ambamo jeni husomwa. Lililoniudhi zaidi ni malipo: saa nzima ya kuisubiri leza itulie baada ya kuwashwa hutozwa sawa na saa ya kazi.

Hata hivyo nimeshaweka nafasi ya mwezi ujao, kwa sharti kwamba nipangwe mara tu baada ya mteja mwingine, leza ikiwa tayari imeshatulia kwa gharama ya mteja huyo.