Demio manyuali na ile breki ya kujishikilia mlimani: uzoefu wangu hapa Mombasa

Nkiwaambia watu kwamba wakati natafuta gari nilitaka iwe na breki ya kushikilia mlimani wanacheka, ati Mombasa mlima uko wapi? Na kweli ukitoka Kizingo mpaka Mwembe Tayari huoni hata kigongo. Lakini mimi nakaa Likoni na kazi yangu iko kisiwani, navuka na feri, na sisi watu wa Likoni mlima wetu unategemea maji. Maji yakijaa rampu ya feri yalala, washuka na kupanda bila shida. Maji yakipwa ile rampu yasimama, na ndo hapo uko katikati na gari ya manyuali, mbele yako mkokoteni wa viazi vijana wanausukuma wakipumzika kila wanapochoka, nyuma lori, na jamaa wa reflekta anapuliza firimbi kila mtu atoke haraka. Tangu ile ajali ya feri ya Septemba 2019, gari iliporudi nyuma ikatumbukia baharini, huku kwetu hakuna anayeona gari kurudi nyuma kuwa jambo la mzaha.

Gari yangu ni Mazda Demio ya 2017, 1300 petroli, gia tano, imetoka Japani. Hiyo breki ya mlimani Mazda wanaiita HLA (Hill Launch Assist), Toyota wanaiita HAC, kila kampuni na jina lake lakini kazi ni ile ile. Umesimama mlimani, klachi chini, breki chini, gia umeingiza, sasa ukitoa mguu kwa breki uupeleke kwa mafuta gari hairudi nyuma, breki yabaki imeshika kama sekunde mbili hivi, ukikanyaga mafuta ikaanza kuvuta breki yajiachilia yenyewe. Ndani kuna sensa inayojua gari imeinama, na ule mfumo wa ABS (wa kuzuia tairi zisijifunge ukipiga breki) na DSC (wa kuzuia gari isiteleze) ndo unaofungia presha isitoke kwa breki. Hakuna swichi ya kubonyeza. Hata ile swichi ya TCS OFF, ya kuzima mfumo wa kuzuia tairi zisizunguke bure, ukibonyeza, HLA haizimiki.

Wazo lenyewe si geni vile, Studebaker kule Marekani walikuwa na breki ya kushikilia mlimani tangu 1936, bila kompyuta, na Subaru za zamani za manyuali nazo zilikuwa nayo, ukiwa umekanyaga klachi breki yabaki imefunga. Kuna wazee hapa mjini wakikuelezea zile Subaru utadhani waongea habari za mchumba.

Sasa kwa rampu vile inavyokuwa. Wasimama, pedali ya breki wasikia imekuwa ngumu kidogo na saa zingine yatetemeka chini ya mguu, mwanzo nlidhani ni kitu kimeharibika lakini ndo ilivyo. Watoa mguu, gari kimya, klachi waileta juu pole pole mpaka usikie pua ya gari imejiinua kidogo, ukiongeza mafuta yatoka. Ile purukushani ya kushika hendibreki na mkono mmoja huku wasikiliza injini na jamaa apiga firimbi imekwisha. Mamangu, ambaye kila tukipanda rampu alikuwa ashika ule mkono wa juu ya dirisha na kusoma dua, siku moja akaniuliza, "Mwanangu, siku hizi hairudi?" Nkamwambia hairudi mama. Akaendelea na dua yake vile vile.

Kwale pia nimeipeleka, ule mlima wa kutoka Kombani kwenda juu, gari imejaa watu na buti ina magunia ya embe, nyuma ya lori linalotambaa na kusimama, na ilishika kila saa bila kigugumizi. Na kitu wengi hawajui, yafanya kazi hata kwa rivasi. Yani ukiwa umeegesha basementi, pua imeangalia chini na wataka kutoka kinyumenyume, ukiingiza rivasi yashika vile vile gari isiingie ukutani.

Sifa zimetosha, sasa malalamiko.

Daraja la Nyali. Jioni, foleni imeanzia Buxton mpaka Kongowea, na ule mwinuko wa daraja ni mdogo mdogo, hauogopeshi macho. Basi hapo HLA hailali wala haiamki, saa zingine yashika saa zingine haishiki, kwa sababu imetengenezwa isifanye kazi kwa mwinuko mwepesi, na kipimo chenyewe chabadilika na uzito ulobeba. Peke yangu yafanya hivi, tukiwa wanne yafanya vile. Na matatu za Mombasa wazijua, ukisimama yeye bampa yake yanusa bampa yako, hata gazeti halipiti hapo kati. Kwa hivyo pale unapohitaji ile inchi moja ndo pale ambapo huna hakika kama umeshikiliwa. Kwa mlima mkali yakubeba, kwa mlima mdogo yakuacha mataani, na dereva wa mjini hupatikana zaidi kwa mlima mdogo. Mimi darajani huwa siitegemei kabisa, navuta hendibreki kama zamani, hata makanga apige bodi ya gari akisema "Mzee, toka basi!" atangoja.

Kitu kingine ni zile sekunde mbili. Mbili ni mbili kweli. Mdogo wangu alifunzwa otomatiki, nkamwachia aipandishe mahali kule Changamwe, akatoa mguu kwa breki akatulia, akaanza kupanga kioo chake, ati si gari imeshika? Ikaanza kurudi. Alipiga kelele mpaka muuza mahamri akasimama. Sikumlaumu, hakuna taa wala mlio wa kukwambia muda umekwisha, na kwa maoni yangu hapo Mazda wangeweka hata mlio kidogo tu. Na ukizima injini katikati ya kupanda usisubiri kitu chochote, rudi kwa breki mara moja.

Haishiki pia kama hendibreki iko juu, au gari haijasimama kabisa, au umeachilia klachi. Hiyo ya kusimama kabisa yawapata wengi, mtu ajongea pole pole kwa foleni, tairi bado zazunguka kidogo, atoa mguu akitegemea kushikiliwa, hapana. Na ndani ya feri yenyewe sahau hii kitu, hapo ni hendibreki juu na gia ndani basi.

Halafu iko habari ya taa. Kama taa ya TCS/DSC, ile ya kigari kilichoteleza, imebaki inawaka kwa dashibodi, HLA nayo haipo. Yangu iliwaka msimu wa mvua, nkaenda kwa fundi, akaangalia akasema, "Kaka, hii ni sensa ya gurudumu, hewa ya bahari na matope vimekula waya." Akasafisha akafunga upya, taa ikaondoka, pesa kidogo tu. Lakini zile siku taa iliwaka rampu nilipanda na hendibreki, na nlishukuru mkono haujasahau.

Kuhusu klachi, mimi naona imesaidia. Zamani kwa gari nlokuwa nayo, foleni ya mlimani nlikuwa naishikilia gari na klachi nusu nusu mpaka harufu ile yaingia ndani, sasa sina haja hiyo. Ila ukiwa mtu wa kuchoma klachi utaichoma tu, HLA haikuzuii.

Je ningenunua tena bila hii kitu? Kama nakaa Nyali na kazi Nyali, ningenunua iliyo nzuri kwa injini na bodi nisijali. Kwa mtu wa Likoni, Kwale, Rabai, au anayebeba mizigo, itafute. Na kabla hujatoa pesa ijaribu: ukifungua swichi tazama ile taa ya kigari iwake kisha izime yenyewe. Afu itafutie mlima wa kweli, si wa uwanja wa kuuzia magari, hakikisha nyuma hakuna mtu, gia ya kwanza, klachi chini, kanyaga breki sawasawa kisha uachilie. Ikishika kidogo ndo irudi, ni nzima. Ikirudi papo hapo kwa mlima mkali, na muuzaji akuapia iko sawa, au ile taa ukifungua swichi haiwaki kabisa, ujue kuna mtu ashaingiza mkono nyuma ya dashibodi, na mengine ya hiyo gari yachunguze na fundi wako, si fundi wake.