Mitumba ya Karume kwa anayekwenda kwenye baridi: cha kununua na cha kuacha

Mtu wa Dar akipata safari ya London, Toronto au Beijing mwezi wa 9, ushauri wa kwanza anaopewa na ndugu ni huu: tafuta koti zito. Analipata, analifungasha, anaondoka. Ikifika Desemba koti lile linamfikisha kituo cha basi na kumrudisha nyumbani, kazi yake imeishia hapo. Akijaribu kutembea nalo nusu saa, jasho linamlowesha, na akisimama kidogo mgongo wote unakuwa wa baridi. Matokeo yake anajifungia ndani miezi minne, anaongezeka uzito na kukosa hamu ya kila kitu. Koti la namna ile halikushonewa mtu anayetembea.

Kwa hiyo Soko la Mitumba la Karume, pale Ilala jirani na uwanja wa mpira, tunalipima kwa swali moja: linaweza kumvisha mtu atakayetoka nje kila siku na kuuchangamsha mwili kwenye nyuzi sifuri? Linaweza, tena kuliko maduka mengi ya majaketi mapya Kariakoo. Majaketi yale yanayong'aa, yenye poliesta nyembamba ndani, yanamtosha bodaboda wa alfajiri na abiria wa basi la Njombe. Nguo za Karume zimetoka kwenye baridi yenyewe, kwa watu waliozivaa huko. Ila kuna vitu vitatu vya pale ambavyo hata ukipewa bure, rudisha. Tutavifikia.

Nenda asubuhi. Mzigo mpya hufunguliwa mapema, na wachuuzi wanaokuja kuchagua vitu vikali vya kwenda kuuza mitaani hawasubiri jua lipande. Nguo zimekaa kwa namna mbili: za kwenye henga, ambazo muuzaji ameshazichambua na bei imepanda, na za kwenye lundo, ambazo uchambuzi unaufanya wewe. Sweta za sufu zitafute kwenye lundo. Jaketi litafute kwenye henga, kwa sababu utataka kuliona lote, mbele na nyuma, kabla ya kutaja bei. Hakuna chumba cha kujaribia, basi vaa fulana inayobana na bukta au taiti ili uweze kuvaa nguo juu yake hapo hapo. Njia ni finyu na watu ni wengi. Simu na pochi ziwe mbele.

Msimu nao una maana. Dar haina baridi ya kutisha. Hata usiku wa Julai, kipupwe kikiwa kimekolea, joto huishia kwenye nyuzi 19 hivi. Makoti mazito hayana mteja wa kila siku mjini, na hiyo ndiyo nafuu yako. Lakini Makete, Njombe na Mbeya kuna baridi ya kweli mwezi wa 6 na wa 7, na wafanyabiashara wa huko nao huhitaji mzigo huo huo. Kama safari yako ni ya Septemba, ukianza kuchagua Februari au Machi unakuwa na muda wa kukataa.

Sasa mavazi yenyewe. Mtu anayejongea kwenye baridi huvaa tabaka tatu. La kwanza hugusa ngozi na kazi yake ni kuondoa jasho. La pili hushika hewa, na hewa hiyo ndiyo joto lako. La tatu huzuia upepo na maji. Ukiona unapata joto unavua la kati na kulifunga kiunoni, ukisimama unalirudisha. Pamba haina kazi kwenye tabaka la kwanza. Inanyonya jasho na kubaki mbichi, na kitu kibichi kwenye ngozi hufyonza joto la mwili haraka mno. Fulana nzuri ya pamba ya Dar ikifika kule ifanye ya kulalia.

Tabaka la kwanza usilichukue mitumba. Nguo za ndani za mtumba Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limezipiga marufuku, na sababu ya kiafya haihitaji maelezo. Fulana na taiti za poliesta za mazoezi, za mikono mirefu, zipo mpya Kariakoo. Mbili mbili zinatosha kuanzia. Soksi pia nunua mpya.

Tabaka la pili ndipo Karume inapojipatia sifa. Sweta za sufu halisi, nyembamba, zenye shingo ndefu au ya mviringo, zimejaa kwenye malundo na bei yake ni ya kushangaza, kwa sababu Dar nani anazitaka? Sufu hupasha joto hata ikiwa na unyevu, na huchelewa kunuka jasho. Tafuta lebo ya ndani ubavuni, siyo ya shingoni. Ukikuta wool, laine, lana au Wolle, hiyo ni sufu. Jihadhari na Baumwolle kwenye nguo za Ujerumani: hiyo ni pamba, na wengi imewapiga chenga. Asilimia 70 ya sufu kwenda juu ni nzuri. Lebo ikiwa imekatwa, vuta uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, sogea pembeni mbali na nguo, uwashe kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua, hujizima yenyewe, na jivu lake husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Pamba huwaka kama karatasi. Muuzaji muombe kwanza. Soko hili liliteketea Januari 2022, na mtu akiona kiberiti kati ya nguo zake ana haki ya kupandisha sauti.

Kabla ya kulipa, inua sweta kuelekea kwenye mwanga na uliangalie lote. Vitundu vidogo vilivyotawanyika ni vya nondo, na kimoja kikionekana kipo kingine. Sweta lililokakamaa na kuwa zito kama zulia lilifuliwa kwa maji ya moto. Limeshajisokota na halinyooki tena. Mbadala wa sufu ni flisi, kile kitambaa chepesi chenye manyoya mafupi. Hukauka upesi kuliko sufu, ila upepo unapita ndani yake kama nyavu. Ikiwa imeota vipele vigumu na mahali pengine imebaki wazi, imechoka.

Kwenye jaketi, jiulize kwanza unakwenda baridi ipi. London ya Januari huzunguka nyuzi 5, yenye mvua nyepesi na upepo. Beijing na Toronto hushuka chini ya sifuri wiki nyingi, na Beijing ni kukavu. Manyoya ya bata ndiyo yanayopasha joto zaidi kwa uzito mdogo, lakini yakilowa hujikunja na joto linakwisha. Anayekwenda kwenye mvua achukue lenye sponji ya poliesta, na juu yake avae jaketi jepesi la kuzuia maji. Anayekwenda kwenye baridi kavu achukue manyoya.

Lebo ya jaketi la manyoya huwa na namba kama 90/10 au 80/20. Ya kwanza ni asilimia ya yale manyoya laini ya kifuani, ya pili ni ya manyoya yenye vijiti. Chini ya 70 utabeba uzito bila faida. Kisha lifinye kwa ngumi, uhesabu mpaka tano, uachie. Lililo zima hujaa upya taratibu. Likibaki limelala, au vidole vikikutana kwenye baadhi ya vyumba vyake, manyoya yameganda mabonge kwa kufuliwa vibaya. Piga makofi mawili mgongoni: manyoya mawili matatu kutoka si tatizo, wingu zima ni tatizo. Zipu ifungue na kuifunga kutoka chini mpaka juu. Kichwa cha zipu kilicholegea fundi anakibana kwa koleo, lakini meno yakikosekana utabadilisha zipu nzima, na mafundi wengi hawapendi kushona manyoya, maana kila tundu la sindano ni mlango. Nunua saizi moja zaidi ili sweta lipate nafasi chini. Koti refu la magotini ni la kusimama kituoni. La kutembelea liishie nyongani.

Kitu cha kwanza cha kukataa, nguo za ndani, tumeshakitaja. Cha pili ni jaketi la mvua lililokufa kwa ndani. Majaketi haya yamepakwa utando upande wa ndani, na utando huo huoza kwa joto na unyevunyevu. Robota likishakaa kwenye kontena na bohari za Dar, hali inazidi. Ingiza mkono ndani ya mfuko na kwenye kofia yake. Pakinata kama gundi, au unga mweupe ukitoka kwenye mishono, acha. Kwa nje jaketi hilo linaweza kuonekana jipya kabisa.

Cha tatu ni buti na raba za baridi zenye soli nene ya sponji, hata ziwe na jina kubwa kiasi gani. Sponji hiyo, ya plastiki iitwayo polyurethane, huvunjika yenyewe kadiri miaka inavyopita, hata kiatu kisipovaliwa, kwa sababu ya unyevu wa hewa. Kinachosikitisha ni kwamba kiatu kisichovaliwa ndicho kinachokudanganya. Bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha. Ikiacha alama isiyorudi, au ikipasuka vinyufa kama tope lililokauka, itakuachia njiani ndani ya wiki. Buti la ngozi lenye soli ya mpira mtupu iliyoshonwa ni hadithi nyingine; hilo chukua. Mpira uwe laini na wenye makato ya kina, kwani soli ngumu huteleza kwenye barafu. Livae pamoja na soksi nene. Vidole vikibanwa, damu haipiti na miguu inaganda.

Vitu vidogo havihitaji maneno mengi. Mzula wa sufu, skafu, na glavu zisizotenganisha vidole, ambazo hupasha joto kuliko zenye vidole. Na riflekta ya bodaboda, mpya, ya mtaani: katikati ya Desemba jua la London huzama kabla ya saa 10 alasiri, na mwenye jaketi jeusi haonekani na dereva.

Kuhusu bei, hakuna iliyoandikwa. Salimia kwanza, mwite kaka, dada au bosi, usishike nguo kwa pupa mbele yake. Akitaja, anzia nusu, na uonyeshe kasoro uliyoiona badala ya kulalamika. Ukichukua vipande vitatu kwake utapunguziwa zaidi ya ukivizungukia meza tatu. Wengi wanapokea kwa lipa namba. Kurudisha nguo hakupo, ndiyo maana ukaguzi wote huu unafanyika kabla ya kulipa.

Ukifika nyumbani, fua kila kitu. Sufu iloweke kwenye maji ya baridi na sabuni ya maji kidogo, usisugue, usikamue kwa kusokota. Ikunje ndani ya taulo, ikanyage, kisha uitandaze kivulini. Jaketi la manyoya lisifuliwe wakati wa masika. Linahitaji siku kadhaa za jua kali, huku ukiligeuza na kupasua mabonge kwa vidole kila baada ya saa chache, na unyevu ukibaki ndani litaoza na kunuka daima. Kwenye begi libane unavyotaka, ila ukifika litundike siku hiyo hiyo lijae.

Huko uendako, lengo la mtu mzima kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani ni dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na baridi haijafuta hilo. Zigawe dakika 30 kwa siku tano, uzitoe mchana mwanga ukiwepo. Macho yaliyozoea saa 12 za mwanga kila siku huyumba yakipewa 8, na hamu ya mtu huyumba nayo. Changamsha viungo ndani dakika tano, toka ukiwa unasikia baridi kidogo, kwani ukitoka ukiwa na joto tayari utalowa. Mwenye pumu azibe mdomo na pua kwa skafu, na dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni. Ukirudi vua nguo mbichi mara moja, kabla ya kushika simu. Kamba ya kuruka kwenye ghorofa itakugombanisha na jirani wa chini. Ngazi za jengo hazina kesi.

Mafuta ya nazi yaache Dar, yanaganda chini ya nyuzi 24 na utakuwa unayachokoa kwa kijiko. Beba ya mgando ya kawaida kwa midomo na mikono, kwa kuwa hewa ya hita hukausha ngozi vibaya. Vitamini D nunua huko huko: Uingereza hushauri mikrogramu 10 kwa siku msimu wa vuli na baridi, na wenye ngozi nyeusi wafikirie kuitumia mwaka mzima. Vyuma vya kuvalisha chini ya kiatu kwa ajili ya barafu navyo utavipata huko. Karume usipoteze muda kuvitafuta.