Huduma ya kuhamisha seva mjini Moshi: usimikaji mzuri, maandalizi hafifu

Kwa kuwa CentOS 7, mfumo endeshi wa seva yetu, iliacha kupokea masahihisho ya usalama tarehe 30 Juni 2024, ghala letu la kahawa mjini Moshi liliwapa mafundi wa ofisi moja ya hapa hapa kazi ya kuhamishia seva hiyo kwenye mfumo mwingine, AlmaLinux 9. Mfumo endeshi waliusimika vizuri, tena kwa bei ya haki.

Kasoro yao ni kutouliza ni programu zipi zinaitegemea seva hiyo. Programu yetu ya stakabadhi za wakulima iliandikwa kwa toleo la 5.4 la PHP, lugha ya kuandikia programu, ilhali AlmaLinux 9 huja na PHP 8.0, ambayo haina kabisa amri ya mysql_connect inayoiunganisha programu na hifadhidata, kwani iliondolewa tangu toleo la 7.0, hivyo karani alipofungua ukurasa wa mizani alikuta kioo cheupe kitupu, huku wakulima wakisubiri na magunia yao. Nawapongeza kwa dhati, hata hivyo, kwa kuihifadhi diski ya zamani nzima: waliirudisha kabla ya adhuhuri, kisha wakazibadilisha amri zile kuwa za mysqli, aina mpya inayokubaliwa na PHP 8.0, na kuzijaribu kwenye mashine ya pembeni hadi zikakubali. Jaribio hilo lilipaswa kutangulia, na atakayewapa kazi anapaswa kulidai kwa maandishi kabla ya kutoa malipo ya awali.