Santiago hadi Buenos Aires kwa ndege: uzoefu wangu

Ukikata tiketi ya kutoka Santiago, Chile, kwenda Buenos Aires, usihesabu muda wa safari kwa saa zilizoandikwa pale. Yangu ilisema kuondoka saa nne asubuhi na kutua saa saba mchana. Ukiisoma harakaharaka utadhani ni saa tatu. Ilikuwa Julai, na miezi ya baridi Chile huwa nyuma ya Argentina kwa saa moja. Hewani kwenyewe hatukumaliza saa mbili. Wakati wa kiangazi huko, saa za nchi hizo mbili hulingana.

Umbali ni kama kilomita 1,140 kwa mstari ulionyooka, karibu sawa na Nairobi na Addis Ababa. Kwa barabara ni kilomita 1,400 hivi, unapita handaki la mpakani lililoko zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na theluji ikizidi njia hufungwa. Kwa hiyo safari ya basi sikuifikiria kabisa, si mwezi wa Julai.

Omba kiti cha dirishani, upande wa kushoto. Ndege ikishapaa, haichukui muda milima ya Andes inakujaa dirishani, na anga likiwa safi unauona mlima Aconcagua, mita 6,961. Mimi niliyezoea kujidai na Kilimanjaro yetu ya mita 5,895 nilinyamaza kidogo.

Hapo ndipo mtikisiko ulipoanza. Upepo wa Pasifiki unapiga milima, unapanda, kisha unashuka upande wa pili kwa mawimbi, hivyo ndege hutikisika hata kama hakuna wingu. Ilikuwa kama daladala inapopita juu ya rasta za barabarani. Wahudumu walibaki wamefunga mikanda, kahawa ikaletwa tulipokwisha kuvuka. Mzee wa Kichile niliyekaa naye alikuwa anamenya chungwa. Alisimamisha kisu cha plastiki, akasubiri mrusho upite, akaendelea kumenya. Nami nikatulia.

Cha muhimu kuliko nauli ni kiwanja cha kutua. Aeroparque kiko mjini kabisa, kando ya mto Río de la Plata, na teksi hadi katikati ya jiji ni mwendo mfupi. Ezeiza kiko nje, kilomita 30 na ushee kwa barabara, na foleni ya jioni inaweza kula muda karibu sawa na ule wa kuruka. Mimi nilitua Aeroparque, na ningelipa zaidi kidogo nitue hapohapo tena.

Kurudi Santiago ni polepole zaidi, kwa sababu unaukabili upepo. Ongeza kama nusu saa. Na chungwa kama la yule mzee limalize kabla ya kushuka. Chile wana ukaguzi mkali wa mazao: matunda, nyama, asali, vyote unatakiwa kuvitaja kwenye fomu, na faini ipo. Mbwa wa ukaguzi alinusa mkoba wa mama mmoja mbele yangu, ikatolewa soseji iliyofungwa kwenye gazeti. Foleni nzima ikageuza shingo.

Kampuni ya ndege naipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kampuni, ambayo sitaitaja, kwa sababu ya begi la mkononi: tiketi yao ya bei rahisi inaruhusu mkoba wa chini ya kiti tu, na nilichotozwa mlangoni kilikaribia nusu ya nauli.