Squid na kache ya diski: piga hesabu ya RAM kwanza

Ukisakinisha Squid (proksi, yaani seva ya kati inayohifadhi nakala za vinavyopakuliwa, au kache, ili visivutwe tena) bila kugusa faili lake la usanidi, diski haifanyi kazi yoyote ya kache. Kinachotumika ni MB 256 za RAM, basi. Diski inaingia kazini pale tu unapoandika mstari kama huu:

cache_dir aufs /var/spool/squid 50000 16 256

Yaani MB 50,000, folda 16, na ndani ya kila moja folda 256. Kisha `squid -k parse` kukagua makosa, simamisha huduma, `squid -z` kutengeneza folda, washa upya.

Tatizo kubwa liko kwenye ile namba ya kwanza. Squid huweka kwenye RAM orodha ya kila kilichohifadhiwa, na kwenye mashine ya biti 64 orodha hiyo hula takriban MB 14 kwa kila GB ya diski. GB 50 zinakula kama MB 700, kabla hujahesabu `cache_mem`, yaani kache ya RAM yenyewe. Mwenye seva ya RAM GB 2 akiandika GB 200 kwa kuwa diski ina nafasi, orodha peke yake itataka GB 2.8. Mashine inaanza kutumia swap (diski badala ya RAM), na proksi iliyowekwa kuharakisha intaneti inageuka kikwazo. Ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza kila kitu kinakwenda vizuri. Mzigo unaongezeka taratibu kadiri kache inavyojaa.

Kuhusu aina ya hifadhi, lile neno linalofuata `cache_dir`, `ufs` iache: Squid nzima inasimama kusubiri diski. `aufs` inazikabidhi nyuzi za pembeni (threads) kazi hiyo, na kwa mafaili makubwa inafaa sana. `rock` hukusanya vitu kwenye faili moja kubwa, na ndiyo ya kutumia ukiwasha `workers` (michakato ya Squid inayofanya kazi sambamba) zaidi ya moja, kwa sababu `aufs` haiwezi kuchangiwa na workers wawili bila kuharibika.

Chaguo-msingi la `maximum_object_size`, ukubwa wa juu wa kitu kinachohifadhiwa, ni MB 4, dogo mno. Pakiti kubwa za Debian au Ubuntu hazitahifadhiwa kamwe. Weka MB 512, na uuandike mstari huo juu ya `cache_dir`. Palepale juu ongeza `cache_replacement_policy heap LFUDA`, inayobakiza vinavyoombwa mara nyingi hata vikiwa vikubwa. Kwa ofisi inayolipia data kwa GB, hiyo ndiyo sera sahihi.

Diski yenyewe: patisheni ya peke yake, `noatime` (isiandike muda kila faili linaposomwa), na usiijaze, acha kama asilimia 20 wazi. RAID 5 (diski kadhaa zilizounganishwa kuwa moja) hapana, kache inaandika mno. Ukiwa na diski mbili, ipe kila moja `cache_dir` yake. Onyo la "Queue congestion" kwenye cache.log (faili la kumbukumbu za Squid) mara chache baada ya kuwasha si kitu, lakini likiendelea mchana kutwa, diski imezidiwa.

Kinachopunguza thamani ya yote haya ni HTTPS. Inapita ikiwa imesimbwa ndani ya handaki la CONNECT na Squid haihifadhi chochote humo, isipokuwa utumie `ssl_bump`, inayoifanya Squid ifungue usimbaji huo, na kuweka cheti chako kwenye kila kifaa. Kwa maabara yenye kompyuta 40 za Ubuntu zinazovuta masasisho kwa HTTP, kache ya diski tunaipendekeza bila kusita. Kwa watu wanaotazama video na mitandao ya kijamii, ongeza `cache_mem` kidogo na diski uiache.