Kwa Nini Nilichagua Canon RF 100-500mm Badala ya Lenzi za Milimita 600

Napiga picha za wanyama na ndege katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, hasa kwenye uwanda wa Mkata, na ulipofika wakati wa kuachana na kamera yangu ya zamani ya DSLR, ile yenye kioo cha kuakisi ndani, nilikodi mifumo mitatu kwa zamu: Sony A7 IV na lenzi ya FE 200-600mm, Nikon Z8 na Z 180-600mm, kisha Canon EOS R5 na RF 100-500mm. (Milimita huonyesha uwezo wa lenzi wa kuvuta: chache huona eneo pana, nyingi huleta karibu kilicho mbali.) Kamera zenyewe sitazizungumzia sana, maana zote tatu hulitambua jicho la mnyama na kuling'ang'ania hata akipita nyuma ya nyasi, na anayedai kwamba mojawapo itamharibia picha za simba aliyelala kivulini anatafuta ubishi tu. Uamuzi wangu ulitokana na lenzi.

Lenzi za Sony na Nikon zina tabia moja ninayoipenda mno: hukuza kwa ndani, kwa hiyo hazirefuki na uzito hauhami mkononi. Pale kwenye bwawa la viboko, mdiria anapoelea hewani kabla ya kujitupa majini, unamtafuta kwenye milimita 180 za Nikon, unampata, kisha unamvuta hadi 600 kwa kuizungusha pete chini ya robo ya mzunguko, bila kubadili mshiko. Canon hurefuka kama darubini ya baharia, na kwa kazi hiyo ilikuwa ya tatu. Lakini bila kishikio cha tripodi ina takriban gramu 1,370, ilhali Nikon ina 1,955 na Sony 2,115, na mtu anayepigia picha dirishani, akiinua na kushusha lenzi tangu alfajiri, hahitaji kuelezwa maana ya zaidi ya nusu kilo.

Jambo lililomaliza mjadala ni milimita 100. Tembo wa Mikumi huvuka barabara karibu kabisa na gari, na ukiwa na lenzi inayoanzia 200 unaambulia sikio na kipande cha pembe. Kubadilisha lenzi wakati wa kiangazi, vumbi likiwa limetanda kila mahali, ni kuikaribisha michanga juu ya sensa, yaani kile kitambuzi kinachopokea picha ndani ya kamera. Kwa Canon nilirudi hadi 100, tembo mzima akaingia kwenye fremu pamoja na ndama aliyekuwa ubavuni mwake.

Wengi huikataa lenzi hii kwa sababu ya uwazi wake wa f/7.1 kwenye milimita 500 (namba ya f ikiwa kubwa, mwanga unaoingia ni mdogo). Wenzake huishia f/6.3, na tofauti hiyo ni theluthi moja tu ya stopu (stopu moja ni mwanga mara mbili), ambayo kwa macho yangu haionekani hata asubuhi ninapopandisha ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, hadi 6400. Kuhusu zile milimita 100 zinazopungua mbele, R5 ina megapikseli 45, na nikiikata picha kwa kiwango cha 1.6 hubaki na 17 hivi, zinazotosha kuchapisha picha kubwa ya ukutani. Isitoshe, jua likishapanda, joto linalotetemeka juu ya uwanda huyeyusha ukali wa mnyama aliye mbali, nawe uwe na 500 au 800.

Bei ndiyo inayouma. Canon ilitoka mwaka 2020 kwa takriban dola 2,700 nchini Marekani, na Nikon ikatoka mwaka 2023 kwa dola 1,700 hivi. Dola 1,000 si fedha ya kuchezea, hata kama lenzi zangu za zamani za EF zinafanya kazi kwenye R5 kwa adapta. Anayefuata ndege pekee achukue Nikon bila kusita, hasa kwa kuwa kikuzio cha 1.4 cha Canon, kifaa kinachofungwa kati ya kamera na lenzi ili kuvuta zaidi, hakiingii kwenye lenzi hii mpaka uivute hadi milimita 300, na kikishafungwa huwezi kurudi chini ya hapo. Mimi sijakinunua.