Kranki za alumini za kuchongwa: tusiangalie rangi, tuangalie kona

Ndugu watazamaji, kabla sijasema lolote, iangalieni hii. Naileta karibu na kamera. Mnaiona mistari hii myembamba inayofuatana kama matuta ya shamba ukiyatazama toka kilimani? Hapo ndipo kilipopita kisu cha mashine. Mkono huu wa kranki, ule unaobeba pedali ya baiskeli, ulianza kama bonge la alumini. Mashine inayoongozwa na kompyuta ikaondoa hapa, ikaondoa pale, hadi ukabaki huu ninaoushika. Sehemu kubwa ya bonge lile iliishia kuwa chengachenga.

Nimezitumia kranki hizi miezi minane, kwenye lami na kwenye changarawe, na nawaambieni mapema kwamba nazipenda. Ila wengi mnaoniandikia mnauliza kama ni nyepesi, au kama rangi inadumu. Mimi leo nataka tulijadili swali moja tu: zitavunjika? Kwa sababu mkono wa kranki ukikatika wakati umesimama juu ya pedali, huna pa kujishika.

Tuanze na namba. Muuzaji akikwambia "ni alumini" akanyamaza, hajakwambia kitu. Alumini tupu ni laini mno kwa kazi hii. Tunachofunga kwenye baiskeli ni aloi, yaani alumini iliyochanganywa na metali nyingine, na kwenye kranki za kuchongwa utakutana zaidi na mbili, 6061 na 7075. Ya kwanza ina magnesiamu na silikoni kidogo. Inachongeka vizuri, inachomeleka, inavumilia unyevu. Ya pili imetiwa zinki, asilimia 5 hadi 6 hivi, pamoja na magnesiamu na shaba. Hii ilianzia Japani miaka ya 1930 na ikaingia kwenye ndege za kivita. Mkiona T6 mwishoni, maana yake metali imepashwa moto mkali, ikapozwa ghafla, kisha ikapashwa tena kwa joto la chini kwa saa nyingi ili ikaze. Baada ya hapo, 6061 huanza kupinda bila kurudi kwenye megapaskali 275 hivi (kipimo cha nguvu kwa eneo), na 7075 hufika kama 500. Tofauti hiyo ni kubwa sana. Hizi zangu ni 7075-T6. Zingekuwa 6061 zikiwa na umbo hilihili jembamba, nisingezifunga.

Sasa hapa wengi hukosea. Watu husema 7075 ni kakamavu zaidi, kwamba ukikanyaga haiyumbi. Hapana. Uimara na ukakamavu ni vitu viwili. Ukipima ukakamavu wa metali yenyewe, aloi zote za alumini zinakaribiana, gigapaskali 70 hivi (gigapaskali moja ni megapaskali elfu). Titaniamu ni kama 110, chuma cha pua kama 200. Aloi ghali haikupi ukakamavu. Unaupata kwenye umbo. Mkono ukiufanya mnene mara mbili kwa upana uleule, ukakamavu wake hupanda mara nane. Ndiyo maana mikono ya alumini ni minene, na ile ya zamani ya chuma ilikuwa myembamba kama fimbo. Alumini ina uzito wa theluthi moja hivi ya chuma, kwa hiyo mhunzi ana nafasi ya kuinenepesha bila kumlemea mpandaji.

Twende kwenye kinachonikosesha usingizi: metali huchoka. Chuma cha pua, ukikikanyaga kwa nguvu iliyo chini ya kiwango fulani, kinaweza kuendelea kwa mizunguko isiyohesabika. Alumini haina kiwango hicho. Kila mkanyago unahesabiwa, hata mdogo. Ukizungusha pedali mara 80 kwa dakika, saa moja ni mizunguko 4,800. Saa 200 njiani, unakaribia milioni. Kiwango cha kimataifa cha ISO 4210 kinataka kranki za baiskeli za mbio na za milimani zihimili nyutoni 1,800, karibu uzito wa kilo 180, mara 50,000. Ni jaribio kali, nalo linanipa imani kiasi. Lakini jaribio hilo hufanywa kwa kranki mpya, isiyo na mkwaruzo.

Tazameni huu mwingine. Huu ni mkono wangu wa zamani, wa mtengenezaji mwingine. Mnaona kijistari cheusi kando ya tundu la pedali? Nilidhani ni uchafu. Nikafuta, kikarudi. Wiki iliyofuata nikafuta tena, kikarudi kirefu zaidi. Ulikuwa ufa, unameza grisi na vumbi na kuvitema. Ulianzia hapa, ambapo bega la ekseli ya pedali, ambalo ni la chuma, lilikuwa linausaga uso wa alumini kila nilipokanyaga. Limechimba mfereji mdogo, na ufa ukapata mlango. Nilibahatika kuuona kabla haujaniangusha, na tangu siku hiyo sifungi pedali bila kuweka washa nyembamba ya chuma katikati.

Kwa hiyo nikishika kranki mpya, nachunguza kona. Zile za ndani, hasa. Kisu chenye ncha kali huacha kona kali, na nguvu yote hukusanyika pale. Kona hizi zimepindishwa vizuri. Napitisha ukucha, hauna pa kunasa. Hongera kwa aliyechora. Ila geuzeni nyuma ya mkono wa kulia, pale unapopanuka kubeba meno ya mbele. Hapa mistari ya kisu inakatiza mkono badala ya kwenda na urefu wake, na inahisika kidoleni. Sijapendezwa. Mkwaruzo unaokatiza ndio hatari, kwa sababu ufa hupenda kwenda njia hiyohiyo. Eneo hili nalikagua kila ninapoosha baiskeli, na ninyi mfanye hivyo.

Mnauliza kila mara: je, za kufuliwa si bora? Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Alumini ikifuliwa kwa kukandamizwa kwenye kalibu, chembe zake hufuata umbo la mkono. Ya kuchongwa hutoka kwenye bonge lililokwisha kuviringishwa au kusukumwa kiwandani, chembe zimelala upande mmoja. Fundi mwangalifu hulaza kranki kufuata mlalo huo. Mbona basi wachonge? Kwa sababu kalibu za kufulia ni ghali mno kwa karakana ndogo, na mashine ya kuchonga inaweza kubadilishiwa umbo leo kwa leo. Wala kiwanda kikubwa si kinga. Septemba 2023, Shimano walitangaza ukaguzi wa kranki za barabarani zenye uwazi ndani, takriban 680,000 kwa Marekani peke yake, kwa kuwa vipande viwili vilivyounganishwa kwa gundi vingeweza kuachana. Hizi za kuchongwa hazina kiungo cha gundi kwenye mkono, na hilo kwangu lina uzito.

Rangi, kwa haraka. Si rangi ya kupaka. Ni ganda la oksidi lililokuzwa kwa umeme ndani ya asidi, kisha likatiwa rangi. Linazuia mikwaruzo midogo na kutu nyeupe. Kisigino changu tayari kimelimaliza hapa, na sioni shida.

Ekseli iliyokuja nazo ni ya chuma, na nimefurahi. Ipo milimita 24, imetulia kwenye beringi, hailii. Titaniamu ingepunguza gramu kadhaa, lakini hesi za titaniamu, yaani mifereji ile ya skrubu, hung'ang'aniana vibaya zikikosa grisi.

Basi nazirudisha kwenye baiskeli. Grisi kwenye hesi, maana chuma kikikaa ndani ya alumini kwenye unyevu hugandamana hadi huwezi kukifungua. Kisha ile washa nyembamba. Pedali ya kushoto inakazwa kinyume na saa, msisahau, na mkiilazimisha mtaila hesi ya alumini mara moja. Naweka spana ya kipimo kwenye nyutoni-mita 38. Sikilizeni... imelia. Mizunguko mia tatu ya majaribio, kisha naifungua niutazame uso ule wa tundu.